Pati ya mavazi ya kuigiza: namna ya kwenda bila kujiona umepotea njia

Niliwahi kwenda pati ya rafiki yangu Shanty Town, hapa Moshi, nimevaa gunia la kahawa. Sisemi nguo ya rangi ya gunia. Gunia lenyewe, nimelitoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono, kifuani nimeandika kwa rangi nyeusi KILO 60. Mwaliko ulisema kila mtu aje na "kitu cha nyumbani Kilimanjaro", nami nikajiona mjanja kuliko wote. Nilipofungua geti nikakuta wenzangu, tuliosoma wote sekondari, wako kwenye magauni marefu ya satini na shanga shingoni, wamekuja kama wake wa mangi, yaani chifu wa Kichaga, wa enzi zile. Kumbe walikubaliana kwenye kundi jingine dogo ambalo mimi simo. Wanaume watatu walivaa jezi za Simba na Yanga, wakadai wamekuja kama wachezaji. Katikati ya bustani nikasimama mimi, gunia, shingo inawasha.

Mimi ni fundi wa kushona, kibanda changu kiko Majengo. Kazi za namna hii hunijia mwezi wa kumi, halafu tena Desemba watu wakirudi nyumbani. Haya yafuatayo ndiyo ninayomwambia mteja huku nampima kiuno.

Hatua ya 1: Piga simu, usitegemee kundi

Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu huandika "tutaona siku hiyo" na katuni ya kucheka. Hiyo si taarifa. Mpigie mwenye shughuli umuulize mambo matatu: yeye mwenyewe anavaa nini, nani mwingine ameshatafuta nguo, na mtakaa ndani au bustanini. Swali la kwanza ndilo lenye uzito. Akikujibu "aa, mimi nitavaa tu kigauni changu," jua nusu ya watu watakuja na jinzi. Akikuambia fundi anamshonea, basi kazi ipo.

La nne liulize kwa sauti ya utani lakini uliulize: "Shoga, kuna kundi jingine la hii shughuli? Niingize." Sentensi hiyo moja ingeniokoa na gunia. Mara nyingi hawakukutenga kwa makusudi. Mmoja alifungua kundi usiku, akaweka namba zilizomjia kichwani, akalala.

Ukimaliza hapo, tafuta mwenza. Mtu mmoja tu, mkubaliane kwa maneno: mimi nakuja konda, wewe njoo dereva. Ukivaa peke yako unakuwa kituko. Mkivaa wawili mnakuwa mchezo, na watu hupenda mchezo.

Hatua ya 2: Vaa mtu, usivae kitu

Hapa ndipo wengi wanaharibu, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Gunia halina la kufanya. Haliongei, haliketi, halina mikono. Nilisimama pale nikagundua kwamba ninachokosa si nguo nzuri, ni kazi. Wake wa mangi walikuwa na kazi: wanatembea taratibu, wanaamrisha vinywaji, wanaitana majina ya kizamani. Mimi nikishajibu "ni gunia la kahawa" maongezi yameisha.

Kwa hiyo chagua mtu ambaye vazi lake linakuja na shughuli yake, tena mtu unayemjua kwa sauti. Konda wa hiace ni zawadi. Unahitaji shati, kitambaa begani, noti umezikunja kwa urefu katikati ya vidole, na mdomo. Ukifika mlangoni unaanza: "Majengo, Pasua, ingia dada, siti moja, siti moja!" Usipojua mtu yeyote pale, unadai nauli. Ndani ya dakika tano umeshazungumza na watu kumi, na hakuna aliyejua kwamba ulikuwa unaogopa.

Wengine niliowahi kuwashonea au kuwapanga: karani wa chama cha ushirika wa zamani, mwenye miwani ya kamba, daftari kubwa na kalamu sikioni, akiwaandikia watu kilo zao za kahawa (KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa huku Kilimanjaro, ni wa tangu 1933, hivyo suruali za mtindo wowote wa kizamani zinamfaa). Mama ntilie mwenye kanga mbili na mwiko. Mpagazi wa mlimani mwenye mfuko kichwani, anayewaambia wote "pole pole". MC wa harusi mwenye koti linalong'aa na maikrofoni ya boksi.

Ninayempenda kuliko wote ni Mchaga wa Desemba, yule anayerudi nyumbani kutoka mjini kwa sikukuu. Kaptula mpya, miwani ya jua hata usiku, funguo za gari kidoleni zinazungushwa, na kila baada ya sentensi mbili anauliza, "Hivi hapa kwenu kiwanja kinauzwaje siku hizi?" Mteja wangu mmoja alivaa hivyo pati ya Njiro, Arusha, na nguo zote alikuwa nazo kabatini. Nilimtoza pesa ya kupunguza kaptula tu.

Mtu unayemwiga asiwe mtu unayemdharau, maana wenye macho wataona. Na kwa watu wa Arusha nina neno la pembeni kuhusu shuka la Kimasai. Mgeni akilifikiria, analiona vazi la pati. Lakini fikiria unafika na shuka jekundu, rungu la kuazima na lafudhi ya kuchekesha, na anayekufungulia geti ni mlinzi aliyevaa shuka lake la kila siku, tochi mkononi. Mtatazamana. Utamsalimia kwa lafudhi gani? Mimi kazi hiyo siipokei. Kuna mafundi watakaoipokea.

Hatua ya 3: Mambo ya kutovaa kabisa

Sare ya jeshi, au chochote kinachofanana nayo. Masokoni kuna majaketi na suruali za mabakabaka za mitumba, yanavutia na ni ya bei nafuu, lakini sheria hairuhusu raia kuvaa. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi yanayofanana na sare zake wayasalimishe. "Nilikuwa natoka pati" si utetezi nitakaokushauri uutegemee barabarani saa saba usiku. Sare ya polisi, hali ni ileile.

Kama pati ni ya tarehe 31 Oktoba na thimu ni ya kutisha, fikiria nyumba unayotoka kabla hujafikiria nyumba unayokwenda. Mama yako ni mama wa kanisa, wewe unatoka chumbani na pembe mbili nyekundu na mkia. Si lazima uwe shetani. Mzuka wa shuka jeupe unatisha vya kutosha, na shuka linarudi kitandani.

Wapo wanaokataa jambo zima kwa kusema hayo ni mambo ya kizungu. Nawajibu kwamba Wamakonde wanacheza mapiko, mchezaji amefunika kichwa chote kwa kinyago cha mti, na kwamba babu zetu walikuwa na ngoma ya beni. Ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikashuka hadi huku Tanganyika, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana kwa gwaride, sare na vyeo vya kuiga maofisa wa kikoloni. Mtu mzima alikuwa anaitwa Jenerali Jumapili, Jumatatu anarudi kubeba mizigo. Kujivisha ukawa mwingine si jambo tulilofundishwa na televisheni.

Hatua ya 4: Tafuta nguo

Moshi, nenda soko la Memorial asubuhi, siku wanayofungua marobota ya mitumba, kabla wenye maduka hawajachambua. Kiboriloni nako pazuri. Arusha kuna Kilombero na Krokoni. Usimwambie muuzaji unatafuta nguo ya pati, bei itapanda. Sema unatafuta koti la babu.

Lakini anza na makabati ya ndugu. Makoti ya baba mkubwa, magauni ya shangazi ya miaka ya themanini yenye mabega mapana, kofia ya pama. Najua wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako. Ndiyo maana hatua inayofuata ipo.

Hatua ya 5: Vaa tabaka mbili, kisha jaribu nyumbani

Kanuni yangu: ndani uvae nguo ambayo ungeweza kwenda nayo popote, juu uweke uigizaji. Ukivua kitu kimoja, au viwili, uwe mtu wa kawaida aliyependeza. Konda anavua kitambaa na kofia, anabaki kijana mwenye shati. Ndani ya gunia mimi nilivaa fulana iliyotoboka kwapani na kaptula ya kulalia, nikasema nani ataona. Basi sikuweza kulivua. Hilo ndilo lilinitesa kuliko macho ya watu: nilikuwa nimejifungia.

Siku mbili kabla, vaa kila kitu, ufanye haya:

Kaa kwenye kiti cha plastiki na uinuke. Nenda chooni na urudi, na uhesabu umefungua vifungo vingapi. Inua mkono kama unayeokota mshikaki kwenye sahani ya jirani. Panda ngazi. Cheza wimbo mmoja mzima, kwa nguvu. Kitakachochanika kichanike hapo, mimi niko dukani hadi saa kumi na mbili.

Zipu ya mgongoni iondoe akilini kama unaishi peke yako. Omba lastiki kiunoni. Na kama kuna kitu cha kubandika, ndevu au nywele, usitumie gundi ya viatu. Kuna aliyefanya hivyo na tulimtoa ndevu zile kwa mafuta ya kula, saa nzima, akilia na kucheka.

Hali ya hewa nayo. Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000, usiku wa Desemba unaweza kukaa nje na nguo nyepesi. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, Mlima Meru unapumulia shingoni, na Juni au Julai ukivaa satini bustanini Njiro utaishia kufunikwa koti la mtu. Ukifunikwa koti la mtu hakuna tena malkia. Mpe mhusika wako sweta mapema, awe nalo kama sehemu ya vazi.

Hatua ya 6: Njiani

Kinyago na kofia kubwa viwe kwenye mfuko hadi ufike getini. Kwanza helmeti ya boda haikai juu ya taji. Pili, mtu aliyefunika uso anayetembea kichochoroni saa mbili usiku anaweza kuitiwa mwizi, na kelele hiyo haisubiri maelezo. Bajaji ni bora kuliko boda kwa nguo ndefu. Kama ni boda, pindo lote likunje ulikalie, lisikaribie tairi la nyuma wala mnyororo.

Kama unatoka Moshi kwenda pati ya Arusha, hizo ni kilomita 80 hivi. Panga pa kulala kabla hujapanga pa kupata kofia.

Hatua ya 7: Nusu saa ya kwanza

Mwaliko ukisema saa moja, watu watakuja saa tatu. Una njia mbili nzuri na moja mbaya. Nzuri ya kwanza, fika saa kumi na mbili jioni na nguo zako za kawaida, mwambie mwenye shughuli "nipe kisu," ukate kachumbari, upange viti, kisha ubadili nguo humohumo ndani. Kila anayeingia atakukuta wewe ni mwenyeji. Nzuri ya pili, ingia na mwenza wako saa tatu kasoro, watu wakiwa wengi. Mbaya ni kufika peke yako saa moja na nusu, umevaa kamili, na sebuleni yupo baba wa nyumba peke yake anaangalia taarifa ya habari.

Ukimkuta, vua kofia, "Shikamoo baba," jitambulishe jina na ukoo kama siku zote. Wazee wa huku wataanza kukuuliza kwenu wapi, Kibosho au Machame, na ndani ya dakika mbili watakuwa wamepata mjomba wako. Kinyago chako hawatakiuliza kabisa.

Ukigundua wewe ndiye pekee uliyevaa, usiombe radhi. Ukiomba radhi unawapa kazi ya kukubembeleza, na wao wamekuja kula. Sema sentensi moja, mara moja tu: "Jamani mmenikimbia, lakini nauli mtalipa." Halafu endelea. Baada ya robo saa, ukiona bado inakubana, vua tabaka la juu bila kutangaza. Litundike mlangoni. Wala hakuna atakayeuliza.

Na kama ni kinyume, wote wamevaa na wewe umekuja na jinzi, nenda jikoni ukaombe kanga na sufuria. Umekuwa mama ntilie, au mume wa mama ntilie. Nimeona mwanaume mzima akiokoka kwa namna hiyo, na ndiye aliyepigiwa makofi.

Sasa kuhusu lile linalokufanya utake kuondoka: hisia kwamba kila mtu anakutazama. Mwaka 2000 wanasaikolojia watatu, Thomas Gilovich, Victoria Medvec na Kenneth Savitsky, walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye sura ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo vijana wa pale wangeona aibu kuivaa, akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Akitolewa anaulizwa: wangapi wametambua ni nani kwenye fulana yako? Walikisia karibu nusu ya waliokuwemo. Waliotambua kweli walikuwa karibu robo.

Mteja wangu mmoja mwanafunzi ndiye aliyenisimulia, nikamwambia, mwanangu, hao walivaa fulana, mimi nilivaa gunia. Waliniona wote. Lakini naye alikuwa na hoja, maana nyama ilipoletwa, kila mtu aligeuka kuitazama nyama. Mmoja wa wale wake wa mangi alikuja kukaa karibu nami kwa sababu gauni lilimbana mbavu na alitaka mtu asiyemtazama. Tulishinda kona ile hadi saa sita, yeye amefungua zipu nusu, mimi najikuna shingo.

Utani utakuja. Jibu mmoja, wa pili cheka, wa tatu badili maongezi. Anayeendelea baada ya hapo mwambie kwa sauti ya kawaida, pembeni, "Kaka, imetosha." Kuhusu picha, sema mapema, kabla ya vinywaji: "Mimi msinirushe status." Kusema kesho yake ni kuchelewa, shangazi wa Dar ameshaona.

Hatua ya 8: Wasipokuwa wenzako tena

Kuna wakati vazi halina kosa. Umekaa na marafiki wa miaka kumi, wanacheka mambo ya ofisini kwao, ya safari waliyokwenda pamoja, wewe unacheka sekunde moja baada yao. Ningekuwa na gauni la satini siku ile, nadhani bado ningejisikia hivyo kidogo. Wao walihamia Arusha na Dar, mimi nikabaki na cherehani yangu.

Hapo usipigane na meza nzima. Tafuta mtu mmoja, mwambie "hebu niambie hii nguo umeipata wapi." Swali hilo halishindwi, kila mtu kwenye pati hii ana hadithi ya nguo yake. Au kaa karibu na anayechoma nyama, yeye siku zote anahitaji wa kumshikia sahani. Ukishakaa nao kwa muda wa saa mbili, na moyo bado hauko pale, unaruhusiwa kuondoka. Muage mwenye shughuli peke yake, ana kwa ana, "Nashukuru, kesho nina kazi asubuhi," usizunguke kumuaga kila mtu maana watakushika. Dereva wa bajaji umpigie kabla hujaaga.

Hatua ya 9: Kesho yake

Nguo ya kuazima irudi ndani ya wiki, imefuliwa, imepigwa pasi. Angalia mifuko. Koti la baba mkubwa mmoja lililetwa kwangu kurekebishwa bitana baada ya pati, nikakuta mfupa wa mbuzi umefungwa kwenye tishu, na chini yake risiti ya mbolea ya baba mkubwa mwenyewe, imelowa mafuta. Risiti niliianika juani, ikakauka, tukairudisha mfukoni palepale. Mfupa tuliutupa.